MVUVI AVUKA, KARANI ABAKI



Twaomba nafasi katika kurasa hizi tuseme neno ambalo kwa siku nyingi limenenwa barazani kwa sauti ya chini, na hapana aliyethubutu kuliandika. Si neno la mishahara, wala si la vyeo, ingawa hayo nayo yana siku yake. Ni neno la wake zetu na waume zetu walio ng'ambo ya maji, Shimoni, Vanga, Likoni na Mombasa, na la njia ya kuwafikia. Sisi tunaoandika haya tu makarani wa Pemba. Twakaa Wete na Chake Chake, twala mshahara wa Serikali, na miongoni mwetu wamo waliooa ng'ambo na walioolewa ng'ambo. Kwa hiyo hatusemi habari ya kusikia.

Jambo lenyewe ni hili. Mvuvi wa kisiwa hiki mwenye mke Shimoni hupakia nyavu zake jioni, hutweka tanga akishaupata upepo, na kunapopambazuka mkewe amekwisha mteleka uji. Hana pasi, hana hati, wala hakuuliza mtu. Karani mwenye mke pale pale Shimoni, ambaye amesoma, ambaye ameapa kuitumikia Serikali kwa uaminifu, humwona mkewe mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hamwoni kabisa. Yule asiyeijali sheria analala kwake. Huyu anayeitii analala peke yake. Twauliza: sheria ya namna hii yawafundisha watu nini?

Tusidhaniwe vibaya. Hatumwonei mvuvi kijicho, wala hatuombi akamatwe. Baba zetu walikuwa wavuvi. Twasema tu kwamba mlango uliofungwa kwa mtu mwaminifu na kuachwa wazi kwa mtu wa usiku si mlango, ni mzaha.

Tazameni ramani. Kutoka Wete mpaka Shimoni ni kama kilomita 60 za maji. Lakini karani afuataye njia ya halali huanza kwa kutafuta karatasi. Mfukoni anavyo vitambulisho viwili, cha Mzanzibari mkaazi na cha Taifa. Vyote viwili vyasema yeye ni nani na alizaliwa lini, wala hapana hata kimoja kinachomvusha. Sharti awe na pasi, na ada ya pasi hizi za kielektroniki zilizoanza kutolewa mwaka 2018 ni shilingi 150,000. Ama aombe hati ya dharura, na hiyo haidumu, safari nyingine huanza tena mwanzo. Akiisha kuipata, amwombe mkuu wake ruhusa ya kutoka katika nchi. Ndipo ashuke Mkoani, angoje siku ya meli, avuke mpaka Tanga, apande gari kilomita 65 mpaka Horohoro, agongewe muhuri, aingie Lungalunga, agongewe mwingine, kisha ashike barabara ya Mombasa, na ikiwa mkewe yuko Shimoni, ateremke njiani na kuchepuka tena kuelekea pwani. Amezunguka bahari na bara ili afike mahali ambapo mvuvi hufika kwa tanga moja.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja, alipata habari kwamba mkewe amejifungua Likoni mtoto wao wa kwanza. Alikuwa na likizo ya siku 14. Akaandika barua ya ruhusa siku ile ile, kwa mwandiko mzuri, na nakala tatu. Jalada likapanda, likashuka, likalala juu ya meza ya bwana mmoja aliyekwenda mazishini, likaamka, likarudishwa kwa sababu nakala moja haikutiwa sahihi. Ruhusa ikatoka siku ya tisa. Siku ya kumi hapakuwa na meli. Alipofika Likoni mtoto amekwisha nyolewa nywele na kupewa jina, na jina lenyewe si lile walilopatana. Akakaa siku moja na nusu, akageuka kurudi, maana angechelewa kazini angeandikiwa barua. Mkewe akamwuliza neno moja tu: "Hukuweza kuja na wavuvi?" Akajibu kwamba yeye ni mtumishi wa Serikali. Mwanamke akanyamaza, kisha akasema, "Basi hiyo Serikali ndiyo mkeo." Mwenzetu alipotuhadithia maneno hayo hatukucheka.

Wako watakaosema: kosa ni lake, kwa nini hakuoa Pemba? Hao twawajibu kwa habari za zamani, maana yaelekea wamezisahau.

Mpaka huu hatukuufuata sisi, wenyewe ulitufuata. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kuigawanya nchi, walimwachia Sultani wa Zanzibar visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na mwambao wa maili kumi. Mwaka 1895 Waingereza wakauchukua utawala wa mwambao wa upande wa Mombasa kwa kulipa kodi kila mwaka. Lakini bendera ya Sultani ikaendelea kupepea Mombasa, na kwa jina nchi ilikuwa yake mpaka mapatano ya Oktoba 1963. Maana yake nini? Maana yake bibi zetu walioolewa kutoka Vanga na Wasini hawakuolewa ugenini. Mtu wa Pemba na mtu wa Mombasa walikuwa chini ya bendera moja, lugha yao moja, msikiti wao mmoja, na samaki wao walitoka katika maji mamoja. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Kenya siku mbili baadaye, tarehe 12. Katika siku hizo mbili maji yale yale yakawa kati ya dola mbili. Kisha kwa mapatano ya 1975 na 1976 Tanzania na Kenya zikaupatanisha mstari wa mpaka baharini. Twakubali kwamba mataifa hayana budi kuwa na mistari. Lakini mstari uliochorwa juu ya maji baada ya ndoa kufungwa haufai kuihukumu ndoa.

Wala watu hawakuacha kuvuka. Wavuvi wa Pemba walianza kufanya maskani upande wa pili tangu miaka ya 1930, na baada yao wakafuata wengine. Baada ya machafuko ya Januari 2001 watu zaidi ya 2,000 wa kisiwa hiki walikimbilia Shimoni. Wengi wakarudi, wengine wakabaki. Wale waliokaa huko miaka yote, na watoto wao waliozaliwa huko, waliishi bila kitambulisho cha nchi yo yote mpaka mwaka 2023, Serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa jamii mojawapo katika jamii zake. Hebu fikirini maana ya jambo hilo katika nyumba ya mtu. Bila kitambulisho hapana pasi. Bila pasi hapana kuvuka kwa halali. Mume aliye Pemba akizuiwa na jalada, na mke aliye Kwale akizuiwa na kukosa jina katika daftari, watakutana wapi? Watakutana usiku, kwa mashua. Basi Kenya, baada ya kuchelewa sana, imefungua upande wake wa kitasa. Twauliza upande wetu.

Wazee wetu katika Chama nao wasisahauliwe. Martin Kayamba, aliyekianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, alizaliwa Zanzibar, akafanya kazi Kenya na Uganda, kisha akaja kutumikia Tanganyika. Karani wa zama zile alikuwa mtu wa bandari zote. Hatutamani kurudi chini ya utawala wa kigeni, la hasha. Lakini ni aibu ikiwa karani wa nchi iliyo huru ana njia nyembamba kuliko karani wa koloni.

Sasa twende kwa wale wapingao kwa hoja, tuwajibu moja moja.

Wa kwanza husema: ni usalama, na magendo. Mkifungua njia ya Wete na Shimoni, karafuu zitakwenda Mombasa. Jamani, karafuu zilikwenda Mombasa lini kwa kuomba hati? Kila mtu wa kisiwa hiki ajua kwamba kwa sheria karafuu zetu zauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa peke yake, na kila mtu ajua kwamba miaka ambayo bei ya Serikali ilikuwa duni magunia yalipita usiku. Mfanya magendo hana haja ya dirisha la Uhamiaji. Humtafuta mahali asipokuwapo. Bali ajaye dirishani mchana, na cheti chake cha ndoa mkononi, na jina lake likaandikwa, na saa yake ya kuondoka ikaandikwa, huyo Serikali imemjua. Hivyo anayetaka usalama yampasa atamani watu wengi zaidi wavuke kwa daftari, si wachache. Kikapu cha karafuu chaweza kupekuliwa, na mke aliyekuja kumtazama mumewe hanuki karafuu.

Wa pili husema: nchi zikikosana, au maradhi yakiingia, mpaka hufungwa, mtumishi asijitie katika ndoa isiyo na dhamana. Ni kweli mipaka hufungwa. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, wala haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Miaka sita! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekwisha ingia darasani. Ndege, mabehewa na meli za Jumuiya zilihesabiwa na kugawanywa, na ugomvi wa kuzigawanya ukaandikwa sana. Machozi ya nyumba zilizokatwa katikati hayakuandikwa na mtu. Tena Mei 2020, kwa ajili ya Korona, Kenya iliwafungia abiria mpaka wake na Tanzania, lakini malori ya shehena yakaruhusiwa kupita, madereva wakiisha pimwa. Hatulaumu kupimwa, maradhi yalikuwa maradhi. Twalaumu kwamba hapana aliyekumbuka kusema, na mume naye apimwe apite. Mahindi yalikuwa na msemaji, saruji ilikuwa na msemaji, ndoa haikuwa na msemaji.

Na wasiseme kwamba jambo hilo haliwezekani. Huko Ulaya, mwaka ule ule, mji wa Konstanz wa Ujerumani na mji wa Kreuzlingen wa Uswisi, ambayo imegusana kama Wete na Mtemani, ilitengwa kwa seng'enge. Wachumba wakaja kila siku kuzungumza huku na huku ya seng'enge, hata ikaongezwa ya pili ili wasigusane. Lakini kelele zikapigwa, na katikati ya Mei serikali zile zikakubali wapendanao waonane, hata wale ambao hawajafunga ndoa, na seng'enge zikaondolewa. Ikiwa mataifa hayo, yenye hofu kubwa ya maradhi siku zile, yaliona kwamba mtu kumwona mwenzake ni haja na si anasa, sisi tushindwe na nini?

Wa tatu, nao ndio wabaya kuliko wote kwa kuwa husema kwa upole, hutunong'oneza: "Bwana, mbona wajitesa? Nenda na wavuvi. Nani atakuona?" Hao twawajibu kwa neno zito. Kisiwa hiki kiliwapoteza mamia ya watu Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ikija Pemba. Na ile ilikuwa meli yenye kibali. Leo mwatuambia tuwapakie wake zetu na watoto wachanga usiku, katika mashua isiyo na boya la kujiokolea, katika mkondo wa Pemba wakati wa kusi? Tena akizama huyo, jina lake halitakuwa katika orodha yo yote. Hatutakwenda na wavuvi. Si kwamba tu wema kuliko wao, bali twataka kufika, na twataka kufika kwa majina yetu.

Walakini haitakuwa haki kuwatupia wakubwa lawama yote. Hebu tujitazame. Ni nani akaaye nyuma ya meza mwanamke wa Konde anapokuja kuuliza hati ya kumfuata mumewe Vanga? Ni sisi. Ni nani amwambiaye "njoo kesho," hali kalamu iko mkononi na muhuri uko mezani? Ni sisi. Ni nani amtumaye kutafuta karatasi ambayo sheria haikuitaja, kwa sababu tu tulimkuta mwenzetu aliyetutangulia akifanya hivyo? Ni sisi, ndugu. Jalada la mwenzetu wa Likoni halikulala lenyewe. Lililazwa na karani, na yamkini karani huyo asoma maneno haya. Tumezoea kuona kwamba ukubwa wa karani ni kumkawilisha mtu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na karani anayelala kwake hamjui anayelala Horohoro. Basi kabla hatujaomba kwa wakubwa, tuache kufanyiana wenyewe kwa wenyewe, na kuwafanyia raia, jambo lile lile tunalolilia.

Tutakayo ni manne, nayo si makubwa.

Kwanza, kitambulisho cha Taifa kikubaliwe kwa safari baina ya Pemba na pwani ya Kenya. Mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yanaziruhusu nchi zipendazo kufanya hivyo. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014, Tanzania haikuingia pamoja nazo. Ikiwa ni vigumu kuanza na watu wote, ianze na wenye cheti cha ndoa na watoto wao.

Pili, Wete iwekewe siku maalumu za kuvuka kwenda Shimoni, kwa chombo cha abiria kilichokaguliwa, chenye maboya, na ofisa wa Uhamiaji akiwapo gatini siku hizo kwenda na kurudi. Hata mara mbili kwa mwezi yatosha kuanzia.

Tatu, mtumishi aombaye ruhusa ya kumwona mume au mke wake apewe jibu, la ndiyo au la hapana, katika siku saba; na siku za njiani zisihesabiwe katika likizo yake. Likizo ni ya kukaa nyumbani, si ya kukaa Mkoani kungoja meli.

Nne, ofisi ziandike wazi, kwa Kiswahili, ukutani, karatasi zipi zinatakiwa na ada ni kiasi gani, ili asiwepo karani wa kuongeza wala raia wa kubahatisha.

Hayo ndiyo yote. Hatukuomba mpaka ufutwe, wala hatukuomba nyongeza ya senti moja. Tumeomba kwamba mtu aliyefunga ndoa ya halali apate njia ya halali ya kuilala.

Twaliweka jambo hili mbele ya mkutano mkuu ujao wa Chama, na twataka liandikwe katika orodha ya mambo, lisitupwe mwishoni kwenye "mengineyo" wakati watu wanatafuta viatu vyao. Kila mwanachama aliye na mwenzake ng'ambo aandike jina lake, kazi yake, na mara ngapi amevuka katika miaka mitatu. Asiandike malalamiko marefu. Hesabu itasema yenyewe. Wale wasio na mtu ng'ambo nao watie sahihi, kwa kuwa leo ni Shimoni, kesho uhamisho utampeleka mkewe Lindi au Kigoma, naye atajua maana ya kungoja. Na kwa makarani wa Kenya watakaopata kuusoma ukurasa huu, twawaomba waulize maswali haya haya kwa wakubwa wao, maana mlango wa bahari una vizingiti viwili.

Mwenzetu wa Likoni ana mtoto ambaye sasa ameanza kutembea. Humjua baba yake kwa sauti ya simu, na akionyeshwa picha husema "simu." Hatuna neno la kuongeza juu ya hilo.

Wasalaam.

Ni sisi,
Makarani wa Pemba wenye nyumba ng'ambo